Idi Niliyonyonyeshwa kwa Jirani

Mwaka ule wa Uhuru nilikuwa mwalimu wa darasa la sita huko Likoni, na nilikuwa nimeposa. Mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote mpaka nilipowapa wanafunzi wangu kazi ya kufanya wakati wa likizo ya Idi Ndogo.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Vitabu vyetu vya historia vilijaa wafalme wa ng'ambo, na mkaguzi wa shule alikuwa ametuomba walimu tuanze kuwafundisha watoto habari za mahali petu, maana nchi ilikuwa karibu kuwa yetu. Shida ni kwamba habari hizo hazikuwa katika kitabu chochote nilichokijua. Zilikuwa vibarazani na majikoni. Basi niliwaambia watoto, "Kila mmoja amwendee mzee mmoja, amwulize: Idi moja ya wakati wa vita ilikuwaje? Andikeni kama atakavyosema. Msimsahihishe."

Niliichagua Idi kwa makusudi. Ukimwuliza mzee wa Likoni mwaka fulani wa Kizungu alifanya nini, atakutazama tu. Mwulize habari za Idi, atakwambia alivaa nini, nani alinuna, na biriani ya nyumba gani iliungua. Kumbukumbu za watu haziko wazi tu. Zina milango yake, na sikukuu ni mlango mpana kuliko yote.

Likizo ilipokwisha walirudi na mambo matamu. Mmoja aliandika kwamba babu yake wa Mtongwe alisali Idi amevaa gunia lililoshonwa kanzu, kwa kuwa vitambaa vilikuwa adimu. Mwingine aliandika jinsi taa zilivyofunikwa ili ndege za adui zisiuone mji, bibi yake akatia chumvi ndani ya kaimati gizani akidhani ni sukari. Nilikuwa nimesimama nyuma ya darasa, nimekunja mikono, nimejaa furaha ya mwalimu ambaye kazi yake imejibu.

Ndipo akasimama msichana mmoja aliyekuwa amemwendea shangazi yangu. Akasoma kwa sauti safi:

"Bibi alisema, Idi Kubwa moja ya wakati wa vita wifi yake aliugua akavushwa kwa feri kupelekwa hospitali mjini. Mtoto wake alilia sana. Bibi akampeleka kwa jirani aliyekuwa na mtoto mchanga, jirani huyo akamnyonyesha siku tatu, asubuhi na jioni. Mtoto huyo sasa ni mwalimu wetu."

Watoto walicheka. Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu watoto wa Likoni wakitoka shule huenda chuoni kusoma dini, na sheria hii waliijua. Mtoto wa mbele akageuka taratibu.

"Jirani yupi?" nikauliza.

Msichana akatazama daftari lake. "Marehemu mama yake yule dada anayeshona kofia."

Yule dada anayeshona kofia ndiye niliyekuwa nimemposa. Mahari yalikwisha kukubaliwa, na ndoa ilipangwa baada ya Idi Kubwa.

Nieleze hapa kwa asiyejua. Kwetu Waislamu, mtoto akinyonya kwa mwanamke asiye mama yake, mwanamke huyo huwa mama yake wa ziwa, na watoto wote wa mwanamke huyo huwa ndugu zake. Hawezi kuoana nao, kama asivyoweza kuoana na ndugu wa tumbo moja. Wala hili si jambo la aibu, ni undugu wa heshima. Lakini mtu akishaposa, ni undugu unaokuja wakati mbaya.

Kengele ya mwisho ilipolia sikwenda nyumbani kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa shangazi. Alikuwa akikuna nazi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekuja na chaki usoni?"

Nilimwuliza kama habari ile ni kweli.

"Kweli, wallahi. Mimi ndiye niliyekubeba."

"Na nilipoposa ulikuwepo, shangazi. Ulipiga vigelegele kuliko wote."

"Nilipiga. Binti mzuri yule."

"Mbona hukusema?"

Akaweka chini kifuu. "Nani aliniuliza? Watoto zama zile walikuwa kama ungo. Mwenye kuutaka anauazima, akimaliza anaurudisha. Yule mwanafunzi wako ndiye mtu wa kwanza kuniuliza habari za Idi ile tangu ipite. Nikafurahi, nikasema yote." Kisha akaona uso wangu, na mkono wake ukaenda mdomoni. "Ala! Mwanangu. Nimekuharibia?"

Nilimwambia hakuharibu kitu, ukweli hauharibu. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi. Kisha nikatoka pale nikaenda chuoni.

Mwalimu wa chuo, aliyetusomesha sote wa mtaa ule, alinisikiliza bila kunikatiza. Alisema masharti ya undugu wa ziwa ni mawili makubwa. Mtoto awe amenyonya akashiba mara tano au zaidi, na awe hajatimiza miaka miwili kwa hesabu ya mwezi. Siku tatu asubuhi na jioni ni mara sita, hiyo imepita. Ikabaki umri.

"Ulizaliwa lini?" akaniuliza.

Hilo lilikuwa wazi. Nilizaliwa kesho ya Maulidi, miezi michache kabla ya vita kuanza. Baba, shangazi na mtaa mzima walikubaliana, kwa kuwa mama alishikwa na uchungu akiwa bado anaosha sufuria za pilau ya Maulidi.

"Na mama yako alilazwa lini?"

Mama hakuwapo tena wa kuulizwa, Mungu amrehemu. Baba wakati ule alikuwa kibarua Changamwe, kwenye uwanja wa ndege, akirudi nyumbani mara moja kwa juma, na alichojua ni kwamba alirudi akakuta mke ameshavushwa. Lakini baba alikuwa mtu wa kutunza karatasi. Ndani ya kopo la biskuti kulikuwa na cheti cha hospitali. Mende walikuwa wamekula siku na mwezi. Mwaka wa Kizungu uliachwa mzima, nao ulikuwa mwaka wa pili baada ya ule niliozaliwa.

Mwalimu wa chuo alikuwa na daftari ambalo kwangu mimi ni hazina kuliko maktaba yoyote. Tangu ujana wake aliandika kila mwezi ulivyoandama: umeonekana lini, na nani, mawingu yalikuwaje, na pembeni tarehe ya Kizungu aliyoisoma kwenye kalenda ya dukani. Nilitafuta mwaka ule wa cheti cha mama. Ile Idi Kubwa ilikuwa pale, mwanzoni mwa Januari. Nikahesabu kwa vidole kutoka Maulidi niliyozaliwa. Mwaka mmoja na miezi tisa.

Nilikuwa sijatimiza miwili. Nikalifunga daftari.

"Una yakini?" mwalimu akauliza.

"Ninayo."

"Ukiwa na shaka, subiri."

"Mwalimu, nimeona kwa macho yangu."

Jioni ile nilikwenda na baba kwa mzee aliyekuwa awe mkwe wangu. Nilimweleza kila kitu, pamoja na hesabu. Alitembeza tasbihi, punje baada ya punje. Mwishoni akasema, "Alhamdulillahi. Basi nimepata mtoto wa kiume, na sikumlipia hata ada ya shule." Alisema kwa upole, ili nisijione mkosaji. Nyuma ya pazia la mlango wa ndani nilisikia mashine ya cherehani iliyokuwa ikienda. Ikasimama. Haikuanza tena mpaka tulipoondoka.

Siku nne zilifuata ambazo sikufundisha vizuri. Niliwapa watoto ramani ya kuchora, wakachora, nami nikatazama dirishani. Kila niliyepishana naye njiani aliniuliza hali kwa sauti ya matanga. Wazee pale ferini, ambao kwa miezi walikuwa wakibishana kama Mwambao uungane na Kenya au ubaki chini ya bendera nyekundu ya Sultani, waliacha siasa wakanijadili mimi.

Siku ya tano, mdogo wake binti aliniletea ukurasa uliochanwa daftarini, umekunjwa mara nne. Sikuwa nimepata kuuona mwandiko wake. Ulikuwa mzuri kuliko wangu.

"Kwa kaka yangu wa ziwa (bado sijakubali)," uliandikwa. "Nasikia umehesabu kwa vidole. Mimi huwafundisha watoto wadogo majina ya mifungo, yaani miezi yetu ya Kiislamu, na kila mwaka huwaambia kwamba Idi yetu hairudi pale ilipokuwa, hurudi nyuma siku kama kumi na moja. Sasa nisaidie wewe uliyesoma. Kama Idi Kubwa ilikuwa mwanzoni mwa Januari, iliyofuata ilikuwa lini? Na je, ulifunua ukurasa wa pili, au ulikuwa na haraka ya kunikimbia?"

Nilisoma mara moja. Nikavaa kofia, nikaenda mbio kwa mwalimu wa chuo, mimi mtu mzima mwenye mkoba wa madaftari kwapani.

Usiogope hesabu hii, ni nyepesi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama kumi na moja. Kwa hiyo Idi ikiangukia mwanzoni kabisa mwa Januari, inayofuata haiwezi kungoja Januari nyingine. Itaangukia siku za mwisho za Desemba. Mwaka ule mmoja wa Kizungu ulikuwa umebeba Idi Kubwa mbili, moja mlangoni na nyingine uani. Huwa hivyo mara moja tu katika miaka thelathini na kitu. Nilifunua ukurasa wa pili, na Idi ya pili ilikuwa pale, kwa mwandiko uleule: mwezi umeonekana na wavuvi wawili, mawingu kidogo.

Na kati ya Idi hizo mbili ilipita Maulidi iliyonitimizia miaka miwili. Kama nilinyonya Idi ya Januari, binti alikuwa dada yangu. Kama nilinyonya Idi ya Desemba, nilikuwa mtoto mkubwa wa miaka miwili na miezi tisa, na sheria hainihesabu.

"Hukuniuliza," alisema mwalimu wa chuo, akitabasamu ndani ya ndevu. "Ulisema una yakini."

"Ulijua?"

"Nilijua kuna ukurasa. Kilichomo nilikuwa nimesahau."

Ikabaki kujua ni Idi ipi. Shangazi hakuweza kusema. Aliikumbuka siku yenyewe kama jana, ila mwaka wake hakuujua. Nilirudi kwa baba wa binti, na safari hii nilihakikisha cherehani inaendelea nyuma ya pazia, nijue binti anasikia.

"Baba, mtoto wako wa kwanza alikuwa na umri gani Idi ile?"

"Arobaini yake ya kuzaliwa ilikuwa imemalizika siku chache tu kabla ya Idi. Hilo nalikumbuka, maana nyama ya arobaini na nyama ya Idi zilifuatana, nikabaki na deni la mbuzi."

Mtoto huyo, kaka yake binti, mwenyewe hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Miaka iliyoandikwa kwenye kipande chake, kitambulisho cha kazi, ilikadiriwa na karani mmoja kwa kumtazama meno.

"Na mlioana lini?"

"Siku kumi baada ya Idi Kubwa. Mwezi ishirini Mfungo Tatu. Na mke wangu, Mungu amrehemu, alichukua mimba upesi."

"Idi Kubwa ya mwaka gani, baba?"

"Wa vita."

"Vita vilikuwa miaka sita."

"Basi mmoja katika hiyo sita."

Nyuma ya pazia mtu alicheka.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ambalo nimelifundisha tangu siku ile. Kumbukumbu zetu ziliijua siku barabara, hata tarehe ya mwezi, lakini hazikuujua mwaka. Karatasi ya baba iliujua mwaka, na siku ilikuwa imeliwa. Hakuna hata moja iliyokuwa ya uongo. Zilikuwa zinatakiwa kukaa pamoja kwenye mkeka mmoja.

Kulikuwa na mahali pamoja ambapo siku na mwaka huandikwa pamoja, napo ni kwenye vitabu vya ndoa. Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, nikavuka kwa feri na baba wa binti, tukaenda mjini kwenye afisi ya kadhi.

Karani alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilipomwambia tunataka kuona ndoa ya zamani, alitupima kwa macho.

"Wengi huja kutafuta talaka," akasema. "Ndoa huwa hazipotei, huchosha tu. Ya nani?"

"Yangu," akasema baba wa binti.

"Na huyu?"

"Huyu anataka kujua kama ni mwanangu au mkwe wangu."

Karani aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akatuvutia kiti.

Vitabu vilikuwa vikubwa, vimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kila mwaka wa Kiislamu na kitabu chake. Miaka iliyowezekana ilikuwa miwili tu. Kama walioana baada ya Idi Kubwa ya kwanza ya vita, mtoto wao alitimiza arobaini karibu na ile Idi ya Januari, na mimi ni ndugu. Kama walioana mwaka uliofuata, yaani siku kumi baada ya Idi ya Januari yenyewe, mtoto alitimiza arobaini karibu na ile ya Desemba.

Tulianza na kitabu cha kwanza. Karani alipitisha kidole Mfungo Tatu wote, ukurasa kwa ukurasa, akisoma majina kwa mnong'ono. Kila jina lililoanza kama la mzee yule, niliinuka kitini mpaka akalimaliza. Hakulikuta. Lakini nilikwisha kujifunza. Kutokulikuta si ushahidi, huenda limeandikwa kwingine. Nilimwomba kitabu cha pili.

Kidole kikashuka tena, tarehe kwa tarehe. Mwezi kumi. Mwezi kumi na mbili. Mwezi kumi na saba, ndoa tatu siku moja. Mwezi ishirini.

Kidole kikasimama.

"Hii hapa," akasema karani. Akasoma jina la bwana harusi wa Likoni, jina la bibi harusi, bikira, na mahari. Kisha mashahidi wawili. Wa pili alikuwa baba yangu.

Mzee wa watu aliinama akaangalia mstari ule kwa muda mrefu. Herufi za Kiarabu alizisoma vizuri. Aligusa jina la mkewe kwa ncha ya kidole, pasipo kulifuta, kama mtu anayegusa uso wa aliyelala.

"Wino haujapauka," akasema.

"Ukitunzwa haupauki," karani akajibu.

Idi ile ya Januari, basi, mwanamke aliyeninyonyesha alikuwa bado mwari nyumbani kwa wazazi wake. Asingeweza kuwa na maziwa. Alininyonyesha mwisho wa mwaka, na mimi nilikuwa ninakaribia miaka mitatu, natembea, nasema.

Tulirudi Likoni nikiwa nimenakili mstari ule mzima katika daftari. Mwalimu wa chuo aliusoma, akalinganisha na miezi yake, akahesabu kwa sauti mara mbili, kisha akasema, "Halali. Oa." Baba alipoambiwa kwamba alikuwa shahidi, alijipiga paja. "Nimekula pilau za harusi nyingi," akasema. "Ningezikumbukaje zote?"

Shangazi ndiye aliyenipa taabu. Alipofahamu umri wangu wa Idi ile alianza kucheka, na kila alipotaka kusema neno alishindwa.

"Ndiyo maana!" akapata kusema. "Ndiyo maana maskini wa Mungu alipiga ukelele! Nikadhani amechomwa na mwiba, kumbe ni wewe na meno yako. Jitu zima! Ukaniambia, 'Shangazi, kesho tena.'"

"Sikusema hivyo."

"Ulisema. Mbona sasa wataka kunisahihisha?"

Habari hiyo ilivuka mitaa kabla ya magharibi. Kwa hiyo nilioa nikiwa halali kabisa, na nikiwa kichekesho kabisa. Kwa kuwa ili nimuoe mke wangu, ilinibidi nikubali mbele ya watu wote kwamba niliwahi kuwa mtoto mlafi aliyechelewa kuachishwa ziwa. Usiku wa ngoma ya wanawake walinitungia kijembe juu ya jambo hilo, nacho kilikuwa kirefu. Sitakiandika.

Ndoa ilifungwa Mfungo Tatu, wiki chache kabla ya Madaraka, siku nchi ilipoanza kujitawala. Mji ulikuwa umejaa bendera za vyama na mabishano, lakini katika barza ya baba mkwe mabishano yalikuwa mamoja tu, kama wali uliungwa nazi ya kutosha. Nilitamka kukubali kwangu kwa sauti kubwa mno, mpaka watu wakaguna.

Asubuhi ya saba, fungate ilipokwisha, mke wangu aliniandalia mahamri na mbaazi kwa mara ya kwanza. Alikaa mbele yangu, akaniangalia nikila.

"Nikuulize, bwana mwalimu."

"Uliza."

"Zile siku nne nilipokuwa dada yako. Ulilia?"

Nilifikiria kumjibu kwa namna ya kujistahi. Lakini alikuwa amekwisha kunionyesha mara moja gharama ya kujifanya nina yakini.

"Nililia."

"Siku zote nne?"

"Siku ya pili nilipumzika kidogo."

Alikubali kwa kichwa, kama anayesahihisha hesabu ikatoka sawa, akanisogezea sahani ya mbaazi.